Shoti ya Mgongoni

Rwezamenyo, 9 Juni 2025

Shemeji Ismaël,

Salaam. Bahasha hii anakuletea Munyakazi, kondakta wa basi la Kampala, yule jirani yetu wa nyuma ya msikiti. Ndani mna kadi ya kamera. Aimable, mpiga picha wako, anasema ni picha za siku ya mwisho ya filamu kule Nyarutarama, nzito mno kupita kwenye simu. Nikaona kadi isisafiri peke yake, nikuandikie. Tena kwenye simu wewe unaongea haraka, shemeji, kabla sijamaliza kufikiri nimeshakubali. Ndivyo nilivyogeuka mwigizaji. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani nashona mapazia ya watu, ukaja kunisalimia, ukaniangalia, ukasema, "Shemeji, usilale vizuri wiki hii. Uso huo huo ndio ninaoutaka." Nikacheka. Kumbe hukuwa unatania.

Kaka yako Twahiru hajambo, bado anaendesha gari la bosi wake. Kaze ana meno sita na anang'ata kila kitu, hata goti langu. Ukimwona leo huwezi kusema ni yule mtoto aliyetoka hospitali ya Kibagabaga mdogo kama mkate.

Sasa nina maswali. Kurasa za mwisho za filamu mbona hukutupa? Kila mtu alipewa sehemu yake tu. Mimi uliniambia huyu Nyirarukundo ninayemwigiza anaogopa kuna mtu anataka kumchukua mtoto wake, basi nikaogopa hivyo hivyo, siku zote, katika lile jumba la vioo la matajiri wa Nyarutarama. Lakini ni nani anayemtaka huyo mtoto? Wateja wangu wananiuliza kila wakija kupima nguo. "Ni yule mlinzi wa geti, sivyo?" Nawaambia sijui, wanadhani nawaficha.

Halafu ile siku ya mwisho Aimable alinipiga picha kwa nyuma. Siku zote alikuwa mbele yangu na kamera yake, anatembea kinyumenyume, mpaka akaangukia maua ya wenye nyumba. Siku ile akapita nyuma. Akautoa ule mfuko wa mchele tuliokuwa tunaufunga mgongoni mahali pa mtoto, kikabaki kitambaa tu, akaniambia, "Mama Kaze, tembea tu pole pole, tunapima mwanga." Mwanga gani unapimwa mgongoni?

Usichelewe kula. Najua ukiwa kazini unasahau.

Shemeji yako,
Joselyne


Kampala, 15 Juni 2025

Shemeji Joselyne,

Wa alaykum salaam. Kadi imefika salama. Munyakazi aliishika kama yai.

Kurasa nilizificha kwa makusudi, usikasirike. Mwigizaji akiujua mwisho, macho yake yanauchungulia. Nilitaka wewe usijue, ili mtazamaji akikuangalia asipate pa kushikilia. Filamu ya taharuki ya namna hii haitishi kwa mizimu wala damu. Inatisha kwa kumfanya mtu ayatilie shaka macho yake mwenyewe. Ndiyo maana kamera ilikaa mbele yako muda wote. Mtu akiona fundo la kitambaa kifuani, anamwona mtoto mgongoni. Hatumwonyeshi. Anajionyesha mwenyewe.

Muziki nimeuzuia mpaka karibu na mwisho. Kuna milio ya viatu, maji ya bomba na mlango tu. Ukimya ukizidi mtu anaanza kutega sikio, na akishatega sikio ni wangu. Mlinzi wa geti hana hatia. Nimemweka awe anatazama sana na kujibu kidogo, watu wamshuku yeye, nami nipite upande mwingine. Waambie wateja wako waendelee kumshuku.

Ninachokuomba sasa ni pumzi ya Kaze. Akilala mchana, weka simu karibu na pua yake, zima redio, mwambie kaka atoke nje. Nataka pumzi safi, isiyo na mkwaruzo wa nguo. Itasikika chini chini filamu nzima, mtu asijue kwamba anaisikia, kisha ikatike pale kamera inapozunguka nyuma. Hapo ukumbi wote utashika roho.

Winifred, anayegharimia kazi hii, ameona nusu na amefurahi kupita kiasi. Anataka tuizindue Agosti hapo Kigali, na jioni ya pili tuionyeshe Rwezamenyo kwenye uwanja wa shule, bure, watu waje na viti vyao. Utakuwa nyota wa karitsiye, wa mtaa mzima, shemeji!

Msalimu kaka. Mbusu Kaze kabla hajaning'ata.

Ismaël


Rwezamenyo, 24 Juni 2025

Ismaël,

Barua yako niliisoma nikinyonyesha, nikaiweka, nikaichukua tena. Umeandika kwamba pumzi inakatika kamera ikizunguka nyuma. Nimeshona nguo miaka mingi kidogo, najua kitu kinachoonekana mbele na kinachofichwa nyuma. Nikaunganisha. Pumzi inakatika kwa sababu hakuna anayepumua. Mfuko wa mchele ulitolewa kwa sababu hakuna wa kubebwa. Mlinzi hana hatia, majirani hawana hatia. Nyirarukundo hana mtoto mgongoni tangu filamu inaanza. Ni mwanamke aliyerukwa na akili, anatembea nyumbani anabembeleza kitambaa kitupu.

Nimekosea? Kama nimekosea niambie, nitakuomba radhi.

Kama sijakosea, basi niambie kisa hiki umekitoa wapi. Ingawa mimi najua. Mwaka jana, Kaze alipokuwa kwenye kile kisanduku cha joto Kibagabaga, ulikuja kukaa kwetu. Ulilala sebuleni. Kila siku uliniona kwenye cherehani na kitambaa cha mtoto kimefungwa mgongoni, na mtoto hayupo. Hukusema kitu. Ulikuwa unakunywa chai yangu na unatazama.

Ningeweza kukutukana lakini Kaze anasikia siku hizi, anarudia maneno.

Pumzi yake sikutumii. Najua unao uso wangu tayari, nilisaini, na mgongo wangu pia unao. Sikukatazi kutengeneza filamu. Lakini fikiria hao watu na viti vyao kwenye uwanja wa shule. Wateja wangu. Mama mkwe. Kina mama wa foleni ya maji. Wote waliniona mwaka jana kama ulivyoniona wewe, wakanyamaza, na mimi nilidhani wamenyamaza kwa huruma. Sasa utawasimamishia kitambaa cheupe uwanjani, kiwaambie, ndiyo, mlikuwa sawa, yule alikuwa mwendawazimu. Kesho yake nani ataniletea gauni la harusi nishone? Na Kaze akikua, mtu atamwonyesha kwenye simu. Vitu vya simu havizeeki.

Niambie jambo moja tu, na usipambe. Ulipokuwa unaniona vile, ulifikiri nini?

Joselyne


Kampala, 2 Julai 2025

Shemeji,

Hujakosea.

Unataka nisipambe. Nilifikiri umeondoka. Mwili uko kwenye cherehani, wewe umeondoka. Ulikuwa unashona, halafu mkono wako wa kushoto unaenda nyuma na kupigapiga kitambaa, pole pole, kama mtu anayembembeleza mtoto ili asiamke. Kisha unarudi kushona. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa sinema yoyote.

Na sikuja kwenu kukusaidia kubeba chakula cha hospitali, kama ulivyoambiwa. Kaka alinipigia. Alisema, "Joselyne haiko sawa. Mimi niko kazini siku nzima. Njoo ulale sebuleni, usimuache peke yake." Tuliuweka mkasi wako juu ya kabati. Dawa za panya tulizitupa. Mama alituambia tusikuulize kitu, ukiulizwa utazidi. Basi tukakaa, tunakuangalia, tunazungumza mambo ya mpira.

Ile hofu sikujua niifanyeje, nikaiandika. Niliandika jumba la vioo kwa sababu ndani yake mtu anaonwa kutoka kila upande na hakuna anayeingia. Sikutaka watu wakucheke. Nilidhani nikikupa wewe mwenyewe uigize, itakuwa namna ya heshima. Sasa nikiisoma sentensi hiyo naona ilivyo.

Lakini nielewe na mimi. Filamu za aina hii zina desturi zake. Mtazamaji ametoka nyumbani ili dakika ya mwisho impindue. Lazima arudie kichwani kila alichokiona na akione upya. Ile shoti ya mgongoni, ile picha ya nyuma aliyokupiga Aimable, ndiyo filamu yenyewe. Nikiiondoa nabaki na mama anayetembea nyumbani. Winifred nimemgusia, amesema hapana, kwa sababu ya shoti hiyo ndiyo alikubali kugharimia.

Pumzi ningeweza kurekodi ya mtoto yeyote hapa Kampala, watoto ni wengi. Niliitaka ya Kaze kwa sababu ndiyo niliyokuwa naisubiri na mimi.

Kaka hajui kama nimekuambia haya.

Ismaël


Rwezamenyo, 11 Julai 2025

Shemeji Ismaël,

Kumbe mkasi ulikuwa juu ya kabati! Niliutafuta mpaka nikamshuku mtoto wa jirani. Wiki zile zote nilikata nguo kwa wembe, na wembe ni mkali kuliko mkasi. Hongereni walinzi.

Nimecheka, halafu nikakaa chini. Twahiru alikuwa anaenda kazini kila asubuhi akiamini jioni atakuta maiti. Na mimi nilikuwa nasema moyoni, mwanaume huyu mbona siku hizi hanitazami usoni? Nilidhani ananilaumu kwa kuzaa kabla ya miezi kutimia. Mwaka mzima nimedhani hivyo.

Sasa sikiliza, nikueleze kitambaa kilikuwa cha nini.

Kaze alipowekwa kwenye kisanduku, kitanda cha mama hakikuwepo, nikawa naenda kwa saa za kunyonyesha tu na kurudi. Nesi mmoja, mwanamke mzito mwenye sauti ya kukemea, aliniambia: "Chukua kitambaa, kikae mwilini mwako siku nzima, kishike jasho lako. Ukija, unipe, namlalisha juu yake. Mtoto akisikia harufu ya mama anatulia, anapumua vizuri." Basi. Nilikuwa na vitambaa viwili, kimoja kwake, kimoja kwangu, tunabadilishana. Nikiwa kwenye cherehani nitakifunga wapi? Kifuani kinaingia kwenye mashine. Nikakifunga mgongoni, mahali pake.

Utasema, kwa nini hukutuambia? Mama mkwe alisema mapema kabisa, "Mutoto hajatulia. Musimutajetaje." Aliogopa kijicho. Nikaheshimu. Na ninyi mkaheshimu. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa ameheshimu mpaka basi. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyesema.

Ila sitakudanganya, maana nimekuomba na wewe usipambe. Kile cha kupigapiga ni kweli. Niliambiwa nikivae, sikuambiwa nikibembeleze. Nilijua kiko kitupu, Ismaël. Hata dakika moja sikusahau. Mimi nilijua. Mkono ndio haukujua.

Huyo ndiye mtu uliyemwona. Huyo uliyemwandika simfahamu.

Kuhusu desturi za filamu zenu, wewe umezisomea, mimi nazitazama nikipiga pasi. Lakini nakushauri kama mtu atakayeonekana. Usiiondoe shoti ya mgongoni. Kamera izunguke, pumzi ikatike, kitambaa kiwe kitupu, waache washike roho. Ila usikatie hapo. Kamera iendelee kusubiri. Nyirarukundo afungue fundo, akikunje kitambaa vizuri, akitie kwenye mfuko safi, ajifunge kingine, atoke apeleke. Anajua anakwenda wapi. Tangu mwanzo alijua. Unataka mtazamaji apinduliwe? Atapinduliwa mara mbili. Kwanza atamwogopa mwanamke. Kisha atawakumbuka wale wote waliokuwa wanamchungulia kwenye vioo, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, na atajiuliza kwa nini hakuna aliyefungua mlango akasema, dada, hiki ni cha nini.

Winifred akikataa, amekataa. Sitakuja uwanjani, na Rwezamenyo nitaendelea kutembea kichwa juu, maana nguo za watu zinanihitaji. Lakini pumzi ya mtoto wangu haiingii kwenye filamu inayoishia mgongoni. Kwa hilo hata ukija mwenyewe na zawadi za Kampala jibu ni hilo hilo.

Jambo jingine. Kaka yako usimweleze habari ya nesi. Si kwa kumkomoa. Nimeishi naye mwaka mzima na jibu liko mdomoni. Nataka aulize mwenyewe.

Umekonda, Munyakazi ameniambia. Kula.

Joselyne


Kampala, 30 Julai 2025

Shemeji,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa nahariri miisho miwili.

Wa zamani una nguvu, siwezi kusema hauna. Huo wako sina picha zake, nikaujaza kwa giza na sauti ya kitambaa kinachokunjwa. Nilimkalisha Winifred akaona yote miwili. Ule wa kwanza alishika mdomo. Ule wa pili hakushika kitu, alikaa tu, kisha akasema, "Watu watatoka bila kupiga kelele." Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Si tulikubaliana wapige kelele?" Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema nipige hiyo shoti, aione ikiwa shoti kweli na si giza. Isipofaa, mwisho wa zamani unabaki, na uzinduzi wa Agosti uko pale pale. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo.

Sitaki tuipige kwenye lile jumba. Nataka nyumbani kwako, kwenye cherehani, mchana, mwanga wa dirisha lako. Mtu makini ataona kuwa chumba si kile cha mwanzo. Acha aone. Nyirarukundo akikunja kitambaa asiwe tena ndani ya vioo vyangu.

Sina nafasi ya kuja. Aimable atakuja na kamera na kile kinasa sauti chenye manyoya. Nimemwambia asimame mgongoni, asisogee, asikuelekeze chochote. Najua itamuuma.

Pumzi siombi.

Kaka hajui kitu kutoka kwangu.

Ismaël


Rwezamenyo, 6 Agosti 2025

Shemeji Ismaël,

Munyakazi anangoja mlangoni, kwa hiyo naandika haraka. Kadi hii hapa.

Aimable alikuja jana baada ya saa sita. Alihangaika na dirisha, akatundika shuka la Kaze kupunguza jua, akasema, "Mama Kaze, hapa lumière, hii mwanga, iko muzuri kuliko kwa matajiri." Nikamwambia ni kwa sababu hatuna mapazia ya madirisha, yote nawashonea wengine. Kaze alikuwa amelala kitandani nyuma ya pazia la chumba. Nilitaka kumpeleka kwa bibi yake, kisha nikamwacha.

Kitambaa nilitoa kile chenyewe, cha mwaka jana. Kilikuwa chini ya sanduku. Nilikifunga, nikashona kidogo, upindo wa kweli wa sketi ya mtu. Nilikuwa nimejiambia kwamba sitapigapiga, nitafanya tu yale tuliyokubaliana. Mkono ukaenda. Nimeuacha. Kisha nikasimama, nikafungua fundo, nikakunja.

Sasa Twahiru. Bosi wake alisafiri, akarudi nyumbani mapema, hakuna aliyemwambia kuna kamera. Alifungua mlango wakati nakunja. Aimable akampungia mkono atoke, hakutoka. Alisimama pale pale na funguo za gari mkononi. Mimi niliendelea kukunja, sikugeuka, nilidhani atasema samahani na kurudi nje. Akasema:

"Mama Kaze. Ile kitambaa ilikuwa ya nini?"

Sauti yake imeingia. Aimable alitaka turudie, akasema imeharibika, mwigizaji gani huyu hakuandikwa. Nilimkatalia. Kwanza Kaze alikuwa ameanza kuamka. Pili, kitu kile hakirudiwi.

Kwa hiyo utakuta kwenye kadi mgongo wangu, kitambaa, na mwanaume asiyeonekana akiuliza. Chini yake ukitega sikio utasikia pumzi ya Kaze kutoka chumbani. Sikuiweka, ilikuwepo. Itumie filamu nzima, sasa nimeruhusu. Winifred aseme atakavyosema.

Swali la kaka yako usilikate. Nilichomjibu kimo pia, kirefu, na mwishoni kuna mtu analia, sitakuambia ni nani kati yetu. Baada ya swali tu, shemeji, ndipo ukate. Jibu ni letu.

Joselyne